Rangi ya ukutani na kilichomo ndani ya kopo

Kama umewahi kuwa karibu na nyumba inayomaliziwa kujengwa utakuwa unajua kwamba ugomvi mkubwa hauji wakati wa msingi wala wakati wa kupaua. Unakuja kwenye rangi. Mama mwenye nyumba anataka krimu. Mzee anataka nyeupe tupu, eti ndiyo inayoonyesha usafi. Kijana aliyemaliza chuo anataka ukuta mmoja wa sebuleni uwe mwekundu kama alivyoona kwenye runinga. Kitu pekee ambacho wote wanakubaliana ni chumba cha watoto: kile kipakwe rangi kali, njano au kijani au chungwa, maana watoto wanapenda rangi. Fundi anawasikiliza wote, halafu anauliza lake moja: tunapaka ya maji au ya mafuta? Anajibiwa, chumba cha watoto weka ya mafuta, wakichora tunafuta.

Mimi ni mwandishi wa habari na kazi yetu ni maswali. Chuoni walituimbisha yale ya nani, nini, lini, wapi na kwa nini mpaka tukawa tunayaota. Kwenye mabishano ya rangi watu huuliza rangi gani, ndoo shilingi ngapi, itakauka lini. Hilo la "nini" sijasikia mtu akiliuliza. Ndani ya kopo mna nini? Basi leo tuliulize, na nitaanzia mbali kidogo kwa sababu historia yenyewe ni ndefu, na sehemu kubwa yake inaihusu ile nyeupe ya mzee.

Tuanzie nyumbani. Ukienda Lamu ukaingia katika zile nyumba kubwa za mawe, nyingi zikiwa zimejengwa karne ya 18, utakuta kuta nene za mawe ya matumbawe na madirisha machache. Vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba, na kila unavyozidi kuingia mwanga unapungua. Chumba cha mwisho, kinachoitwa ndani, kingekuwa kama pango. Kilichookoa ni chokaa. Kuta zote zilipigwa lipu ya chokaa na kusuguliwa mpaka zikawa laini na nyeupe, na katika nyumba za matajiri ukuta mzima ulichongwa zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo vya kaure kutoka China. Mwanga kidogo unaotoka uani unagonga ukuta wa kwanza, unarushwa ukuta wa pili, unafika ndani. Kwa hiyo mababu zetu wa pwani hawakuchagua nyeupe kwa sababu ya fasheni. Ungepaka rangi ya giza kwenye chumba kile ungehitaji taa saa sita mchana.

Chokaa yenyewe ni kitu cha ajabu ukikifikiria. Unachukua mawe ya matumbawe, unayapanga juu ya lundo la magogo, unachoma. Moto unafukuza hewa ya kaboni iliyomo ndani ya jiwe. Linalobaki unalimwagia maji, linachemka lenyewe na kuwa uji mweupe. Ukiupaka ukutani uji ule unaanza kunyonya tena hewa ya kaboni kutoka hewani, siku baada ya siku, mpaka unarudi kuwa jiwe. Chokaa mbichi inaunguza macho na ngozi (waulize mafundi), lakini ikishakauka, mtoto anaweza kuilamba asidhurike na kitu zaidi ya kuchapwa na mama yake.

Halafu ipo bluu. Wengi wetu tumekulia katika nyumba zilizopakwa chokaa iliyotiwa kidogo ile bluu ya kufulia, nyeupe yake ikawa inaelekea anga. Ile bluu ina ukoo mkubwa kuliko unavyodhani. Kwa karne nyingi bluu ya namna ile ilitoka kwenye jiwe moja la thamani linalochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, na wachoraji wa Ulaya waliinunua kwa bei ya kutisha. Mwaka 1824 chama kimoja cha kuendeleza viwanda cha Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeweza kuitengeneza kiwandani kwa bei nafuu. Mwaka 1828 zawadi ikaenda kwa Jean-Baptiste Guimet. Baada ya hapo bei ikaporomoka, na jiwe la wafalme likaishia kuwa unga wa kufulia mashati na kupakia kuta za nyumba za uswahilini. Haina madhara ya maana. Naitaja ili tusifike mahali tukadhani kila kinachotoka kiwandani ni sumu.

Na bara je? Huko kulikuwa na udongo: mweupe, wa kijivu, na ule mwekundu unaoitwa ngeu. Wekundu wa ngeu ni chuma kilichopata kutu. Nenda Kondoa kaangalie ile michoro ya kwenye miamba, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Watu na wanyama wa rangi nyekundu, imepigwa na upepo na mvua kwa vizazi na vizazi na bado ipo. Sijaona tangazo la rangi yenye dhamana ya namna hiyo.

Sasa tuvuke maji, maana nyeupe ya Ulaya ilitengenezwa vingine kabisa. Nyeupe yao ilitoka kwenye risasi. (Katika Kiswahili risasi ni madini na pia ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na si ajabu, kwa kuwa cha pili hutengenezwa kwa cha kwanza.) Wagiriki na Warumi wa kale walikwisha kuijua: unaweka vipande vya risasi juu ya siki, unafunika, baada ya muda risasi inaota ukoko mweupe, unaukwangua na kuusaga. Waholanzi wakaja kuifanya biashara kubwa. Walipanga vyungu vya siki na vipande vya risasi katika chumba kizima, wakavifukia kwa samadi ya farasi iliyo moto, wakafunga milango kwa miezi kama mitatu. Ikifunguliwa, ile risasi ya kijivu imekuwa nyeupe kama unga wa sembe.

Ukichanganya unga ule na mafuta ya kitani unapata rangi ambayo fundi yeyote angeipenda. Inafunika ukuta kwa mkono mmoja au miwili, inashika mbao, haipasuki upesi, inastahimili mvua. Kwa miaka mia kadhaa ndiyo iliyokuwa rangi yenyewe, na kopo lililokuwa na risasi nyingi ndilo lililokuwa kopo la hali ya juu. Watengenezaji walijisifu kwa hilo hadharani.

Mafundi, hata hivyo, walikuwa wanajua kuna jambo. Waliumwa tumbo la kujikunja, walikosa choo, ufizi uliota mstari wa bluu, na baada ya miaka mkono uliokuwa ukishika brashi ulilegea kwenye kiwiko cha mkono, ukaning'inia. Charles Dickens aliwaandika wafanyakazi wa viwanda vya nyeupe ya risasi vya mashariki mwa London mwaka 1868, wengi wao wanawake maskini waliokuwa wakienda kule kwa sababu mlango ule ulikuwa wazi wakati mingine imefungwa. Na kabla yake, huko Paris katika miaka ya 1840, mkandarasi wa rangi aliyeitwa Edme-Jean Leclaire alichoka kuona mafundi wake wanaugua, akaanza kutengeneza na kupaka rangi nyeupe ya zinki badala ya risasi. Huyu Leclaire ndiye yule yule anayekumbukwa kwa kugawana faida na wafanyakazi wake. Nampenda sana mtu huyu. Hakuwa profesa wala waziri, alikuwa fundi rangi aliyepanda cheo, na alionyesha kwa vitendo kwamba njia nyingine ipo. Mwaka 1849 serikali ya Ufaransa ikaagiza zinki itumike katika majengo ya umma. Shika tarehe hiyo. Kuanzia katikati ya karne ya 19 hakuna aliyeweza kusema kwamba bila risasi nyumba haipakiki.

Hao walikuwa mafundi. Kwamba mwenye kukaa ndani ya nyumba naye anaugua, tena mtoto wa mwenye nyumba, hilo lilichelewa kuonekana, na lilionekana kwanza mahali ambapo pengine usingepadhania: Brisbane, katika jimbo la Queensland, Australia.

Queensland ina jua kama letu. Nyumba zao za wakati ule zilikuwa za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo, na kila moja ina baraza pana lenye uzio wa mbao uliopakwa rangi. Watoto walishinda barazani. Kuanzia miaka ya 1890 madaktari wa mji ule wakawa wanapokea watoto wenye dalili za mafundi rangi: tumbo, kutapika, mikono na miguu iliyolegea, macho yanayopinda na wengine wanaopoteza kuona kabisa. Mwaka 1892 madaktari kadhaa, wakiwemo A. Jefferis Turner aliyekuwa daktari wa watoto na John Lockhart Gibson aliyekuwa wa macho, waliandika kwamba hii ni sumu ya risasi. Risasi imetoka wapi kwa mtoto wa miaka mitatu asiyefanya kazi kiwandani? Hapo wakakwama.

Ilichukua miaka 12. Mwaka 1904 Gibson akachapisha makala katika jarida la madaktari la Australia akisema chanzo ni uzio wa baraza na kuta za vyumba. Hoja yake ilikuwa rahisi mno. Rangi ya risasi ikipigwa na jua inachakaa na kuwa unga unaoshika mkononi. Mtoto anashika uzio, anaweka kidole mdomoni, anang'ata kucha. Kesho anarudia. Haikuwa lazima ale rangi kwa vipande. Vumbi lilitosha, kidogo kidogo, kila siku.

Sasa jiweke katika nafasi ya msomaji wa mwaka 1904. Rangi ile ndiyo uliyoinunua kwa pesa nyingi kwa sababu ni bora, umeipaka uzio wako ung'ae, na daktari anakuja kukuambia ndiyo iliyompofua mwanao. Wengi hawakuamini, hata baadhi ya madaktari wenzake. Jimbo la Queensland lilikuja kutunga sheria ya kuzuia rangi ya risasi mahali watoto wanapofikia mwaka 1922. Hesabu mwenyewe, miaka 18. Na habari haikuishia hapo. Watoto waliopona walikua, na katika ujana na utu uzima wengi wakaanza kufa kwa ugonjwa wa figo kiasi cha kuwashtua madaktari wa kizazi kilichofuata. Mwaka 1954 utafiti uliofuatilia watoto wa zamani wa hospitali ya Brisbane ulithibitisha walichokuwa wanakishuku: ni risasi ile ile ya barazani.

Dunia nyingine ilifanya nini? Ufaransa ilipitisha sheria ya kupiga marufuku nyeupe ya risasi katika kazi za kupaka majengo mwaka 1909. Mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani lilikutana Geneva na kupitisha Mkataba Namba 13, unaokataza nyeupe ya risasi kutumika ndani ya majengo, pamoja na kuwakataza wanawake wote na vijana wa kiume chini ya miaka 18 kufanya kazi ya kupaka rangi hiyo viwandani. Soma tena: ndani ya majengo, mwaka 1921. Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa imeshaichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani na ilikuwa na Kenya, Uganda na Zanzibar mkononi, haikuuridhia. Ilitunga sheria yake mwaka 1926 ya kuwalinda mafundi, na kopo likaendelea kuuzwa.

Marekani ndiyo inayonikasirisha zaidi, kwa sababu pale ujuzi haukukosekana. Mwaka 1914 madaktari wawili wa Johns Hopkins, Baltimore, waliandika habari za mtoto aliyekufa baada ya kutafuna rangi ya kitanda chake. Mwishoni mwa miaka ya 1910, Marekani na Norway, viwanda vilianza kutengeneza nyeupe ya titani, ambayo ndiyo nyeupe ya rangi za leo. Inafunika vizuri na haina sumu. Kwa hiyo ugonjwa ulijulikana na dawa ilikuwepo sokoni. Kilichofuata ni matangazo. Kampuni ya National Lead ilikuwa na nembo ya mtoto wa Kiholanzi, kofia na viatu vya mbao, kashika brashi, nembo iliyoanza kutumika mwaka 1907. Katika miaka ya 1920 ilitoa vijitabu vya watoto vya kupaka rangi, vyenye hadithi na mashairi ya kuisifia risasi, ili mtoto amwambie mama, na mama amwambie baba, na baba aende dukani. Mimi nafanya kazi katika gazeti, najua matangazo ndiyo yanayotulipa mishahara, wala sitajifanya mtakatifu. Lakini kumtumia mtoto kuuza kitu kinachomuua mtoto, hilo linahitaji moyo wa aina yake.

Hoja ya wenye viwanda ilikuwa kwamba tatizo ni wazazi. Mtoto aliyeangaliwa vizuri hatafuni ukuta, walisema, na nyumba isiyotunzwa ndiyo inayobanduka. Ukitazama waliokuwa wanaugua, walikuwa watoto wa nyumba chakavu za kupanga za Baltimore, New York na Chicago, wengi wao weusi na maskini, ambao wenye nyumba hawakuwa na haraka ya kukarabati. Baltimore ikawa jiji la kwanza kule kukataza risasi katika rangi za ndani, mwaka 1951. Sheria ya nchi nzima dhidi ya sumu ya rangi ilikuja mwaka 1971, na marufuku ya kuuza rangi ya risasi kwa matumizi ya majumbani mwaka 1978. Kutoka makala ya Gibson ni miaka 74. Kutoka mkataba wa Geneva ni miaka 57.

Mwaka uliofuata, 1979, daktari Herbert Needleman alitoa utafiti wake wa meno ya utotoni. Alikusanya meno yaliyong'oka ya watoto wa shule wa Massachusetts, watoto wasioumwa chochote, akapima risasi iliyomo, kisha akalinganisha na uwezo wao darasani. Wenye risasi nyingi walikuwa na akili nzito zaidi na walishindwa kutulia. Kabla ya hapo watu walifikiri kuna sumu na kuna afya, na mtoto asiyeanguka kifafa ni mzima. Needleman alionyesha kwamba kuna kundi kubwa katikati, wanaoitwa wavivu na watundu shuleni, wanaochapwa, ambao tatizo lao liko ukutani. Alishambuliwa kwa miaka mingi, akashtakiwa kwamba amepika matokeo, akachunguzwa na kusafishwa. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Na bili ya miaka ile bado inalipwa: mwaka 2019, baada ya kesi iliyodumu karibu miaka 20, kampuni tatu, National Lead ikiwa mojawapo kwa jina lake jipya la NL Industries, zilikubali kulipa dola milioni 305 kwa kaunti na majiji ya California ili kuta za nyumba za zamani zisafishwe.

Nilisema sehemu kubwa ya historia hii ni ya nyeupe. Nyeupe ya leo, kwa sehemu kubwa, imepona kwa sababu ya titani. Ugonjwa umehamia kwenye rangi kali.

Mwaka 1797 Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin alichunguza jiwe jekundu la kutoka Siberia akagundua madini mapya, kromi. Jiwe lenyewe lilikuwa mchanganyiko wa kromi na risasi, na mchanganyiko huo ukitengenezwa kiwandani unatoa njano inayowaka kama alizeti. Ukibadilisha kidogo upikaji unapata rangi ya chungwa na nyekundu. Ukiichanganya na bluu unapata kijani. Ni nafuu, inang'aa, haipauki upesi juani. Ndiyo maana waliipaka mabasi ya shule, alama za barabarani, matrekta, na pia vitanda vya watoto, bembea, madawati na milango. Juu ya hapo, viwanda vingine hutia risasi katika rangi za mafuta ili zikauke haraka. Rangi za maji kwa kawaida hazihitaji vitu hivyo.

Mwaka 2009 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Geneva (Geneva tena!) wakakubaliana kwamba risasi katika rangi ni tatizo la dunia nzima, na kutokana na hapo Umoja wa Mataifa ukaunda muungano wa kuiondoa mwaka 2011. Kiwango kinachopendekezwa ni sehemu 90 kwa milioni, yaani miligramu 90 tu katika kilo moja ya rangi iliyokauka. Ethiopia ilikiingiza kwenye kanuni zake mwaka 2018, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imekiweka katika viwango vyake vya rangi. Hapa Tanzania shirika la AGENDA la Dar es Salaam, likishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, limenunua rangi za mafuta madukani zaidi ya mara moja na kuzipeleka maabara, na zimekutwa zilizopita kiwango hicho kwa mbali. Katika vipimo vya namna hii, nchi baada ya nchi, rangi zinazoongoza kwa risasi ni zile zile: njano, nyekundu, chungwa, kijani. Nyeupe huwa nyuma.

Yaani, chumba kile ambacho familia nzima ilikubaliana bila ugomvi, chenye njano kali ya mafuta, ndicho cha kuogopa kuliko vyote. Krimu ya mama na nyeupe ya mzee, zikiwa za maji, hazina neno.

Kuandika kiwango kwenye karatasi ni jambo moja na kukipima dukani ni jingine. Nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi jijini nikisoma makopo kama mtu aliyechanganyikiwa. Mengine yameandikwa wazi kwamba hayana risasi. Mengine yana bendera, picha ya familia inayocheka na maneno matamu kuhusu kung'aa, na kuhusu kilichomo hakuna hata mstari. Muuza duka mmoja nilipomuuliza alinijibu, "Kaka, hii ni rangi, risasi nenda polisi." Tulicheka wote, lakini kwa kweli alikuwa hajui, wala hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwa hiyo kama una chumba cha mtoto cha kupaka wikendi hii, chukua ya maji. Ukitaka mafuta kwa ajili ya milango na fremu, tafuta kopo lililoandikwa kuwa halina risasi, na ukipata la kiwanda ambacho rangi zake zimepimwa, bora zaidi. Ukitaka njano, ipo njano ya udongo wenye kutu ya chuma, ndugu yake ngeu, imepoa kidogo lakini inapendeza jioni taa ikiwaka.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wanaokarabati nyumba za zamani, zile zenye madirisha ya mbao yaliyopakwa tabaka juu ya tabaka tangu enzi za mkoloni. Rangi ya zamani iliyotulia chini ya rangi mpya haina haraka na mtu. Inaamka ukiichokoza. Fundi akichukua msasa mkavu na kuanza kusugua, tabaka la mwaka 1950 linageuka vumbi linalokaa sakafuni, kwenye godoro, kwenye vyombo, na mtoto anatambaa juu yake kama wale wa Brisbane. Mwambie aloweshe mbao kwanza na asugue ikiwa na maji. Watoto na mama mjamzito wahamie kwa bibi kwa siku hizo, maana risasi iliyoingia mwilini mwa mama inavuka na kumfikia mtoto tumboni. Baada ya kazi piga deki, usifagie. Na asichome zile mbao kuukuu kupikia.

Fundi mwenyewe naye mtazame. Wengi wa hapa mjini wanachanganya rangi kwa mkono, wanasugua bila kitambaa puani, na jioni wananawa kwa tina au petroli kisha wanakaa kula chipsi kwa vidole vile vile. Sabuni na ndoo ya maji haviongezi hata shilingi elfu mbili kwenye bajeti ya nyumba. Ukimletea na kitambaa cha kufunga pua atakushangaa siku ya kwanza.